Kabla ya Kununua Vitabu vya Sheria, Nenda Ukakae Mahakamani

Mdogo wangu, binti wa baba mdogo, amepata nafasi ya kusoma sheria Makerere. Swali lake la kwanza kwangu lilikuwa: "Dada, ninunue vitabu gani?" Nikamwambia asinunue chochote kwanza.

Mimi nilinunua. Baada ya mtihani wa S.6, yaani kidato cha sita, mzee alijinyima akanipa pesa, nami nikarudi kambini Jinja na kitabu kinene cha sheria ya mikataba, cha Uingereza, toleo la zamani. Nilifika ukurasa wa thelathini. Hadi leo kinazuia mlango wa jikoni usijifunge.

Kilichonisaidia kilikuwa bure. Kesi zetu, isipokuwa chache, husikilizwa hadharani, kwa hiyo nilienda mahakama ya hakimu nikaketi benchi la nyuma. Zima simu, simama hakimu anapoingia, basi. Siku mbili za kwanza niliona kesi zikiahirishwa tu: shahidi hayupo, faili haijafika. Siku ya tatu kijana mmoja alisomewa shtaka la wizi kwa Kiingereza, akabaki kakodoa macho. Hakimu akasimamisha kila kitu mpaka akapatikana mkalimani wa Kiswahili. Jioni nikafungua Katiba ya Uganda ya 1995, ibara ya 28: mshtakiwa aelezwe kosa lake kwa lugha anayoielewa, na apewe mkalimani bila kulipa. Ibara hiyo sikuhitaji kuikariri tena.

Jambo la pili ni kusoma hukumu yenyewe, si muhtasari wa mwenzako. Za Uganda zipo bure kwenye tovuti ya ULII. Soma moja polepole, kisha msimulie mtu wa nyumbani kwa Kiswahili. Ukikwama, ujue ulikuwa umekariri Kiingereza tu.

Mimi nilimsimulia mama kesi ya Donoghue na Stevenson, ambayo utakutana nayo upende usipende. Mwaka 1928, huko Paisley, Scotland, mama mmoja alinunuliwa soda ya tangawizi na rafiki yake. Chupa ilikuwa ya rangi nzito, ndani haionekani. Alidai kwamba walipomimina iliyobaki, akatoka konokono aliyeoza. Soda hakuinunua yeye, kwa hiyo hakuwa na mkataba na mtu. Je, anaweza kumshtaki aliyeitengeneza?

Mama akaniuliza, "Sasa konokono alikuwemo au hakuwemo?"

Nikarudi kusoma upya. Kumbe haikuthibitishwa kamwe! Majaji mwaka 1932 waliulizwa tu: tuseme madai ni ya kweli, je, mtengenezaji ana wajibu kwa mnywaji asiyemjua? Wakasema anao. Tofauti ya ushahidi na hoja ya sheria niliipata pale kwenye jiko la mkaa, na nilipoingia darasani wenzangu wengi bado walikuwa wanabishana juu ya konokono.

Wazazi nao waambie mapema kwamba miaka minne ya digrii haikufanyi wakili. Baada ya hapo kuna LDC, chuo cha kozi ya uwakili iitwayo Bar Course, na ada yake ni mzigo mwingine. Ila chagua maneno. Mimi nilimwambia mama kwamba nikimaliza chuo nitakwenda "kozi ya baa", akaweka mwiko chini na kumwita mzee.