Mwanangu Anataka Kuishi kwa Mbio za Baiskeli

SWALI: Mhariri, mwanangu ana umri wa miaka 17 na yuko kidato cha tatu. Kila Jumapili alfajiri huwa Barabara ya Thika na wenzake, juu ya baiskeli ya mbio ya mtumba. Sasa anasema hataki chuo, bali anataka kulipwa kwa kushindana Ulaya. Je, kazi hiyo ina riziki, au anajidanganya?
Mzazi, Kasarani, Nairobi.

JIBU: Mzazi mpendwa, hajidanganyi, ila huenda hajaijua kazi yenyewe. Mshindi ndiye anayevishwa jezi, lakini katika timu ya watu wanane wanaoshiriki Tour de France, yale mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, wengi wameajiriwa kumtumikia nahodha: humkinga upepo, hurudi nyuma hadi kwenye gari la timu wakashindilia chupa za maji mgongoni ndani ya jezi, kisha hukimbiza tena kundi ili kumfikishia, na nahodha akipata pancha, msaidizi huchomoa gurudumu lake akampa, akabaki kando ya barabara kungoja gari. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kunolewa mjini Kikuyu na kocha David Kinjah, alishika nafasi ya pili mwaka 2012 akimsaidia Bradley Wiggins, ndipo akaja kushinda mwenyewe mara nne kuanzia mwaka 2013. Muulize kijana kama utumishi huo anauweza kwa moyo mweupe.

Kuhusu riziki, timu za madaraja mawili ya juu zina kima cha chini cha mshahara. Daraja la tatu, ambalo ndilo mlango wa vijana wengi wa Afrika, halilazimishwi kuwa nacho, na kwa sababu hiyo namsihi sana amalize shule na asiifunge njia ya chuo.

Wakenya hupenda kusema kwamba mapafu ya nyanda za juu yatatosha. Hayatoshi, kwa maana kinachotupungukia ni mashindano yenyewe. Biniam Girmay alikulia Eritrea, nchi inayoienzi baiskeli, akapitia kituo cha mafunzo cha shirikisho la dunia huko Aigle, Uswisi, na mwaka 2024 akashinda hatua tatu za Tour de France, yaani mbio za siku tatu kati ya zile zinazoyaunda mashindano hayo, pamoja na jezi ya kijani ya anayeongoza kwa pointi.

Mwanao bado yumo katika daraja la vijana, na baada ya hapo anaweza kushindana na walio chini ya miaka 23. Kwa sasa mtafutie klabu yenye kocha na leseni ya shirikisho la Kenya, kwa kuwa Barabara ya Thika, pamoja na hatari ya matatu zake, haitamfundisha kukaa katikati ya kundi la watu mia moja wanaoteremka mlima bega kwa bega.