Maswali ya Wasomaji: Washauri na majaji wa shindano la programu

SWALI: Sisi ni kamati ya wanafunzi, Lubumbashi. Tunaandaa shindano la siku mbili la kuunda programu, timu 20 za watu wannewanne. Tumeomba wengi waje bure kama washauri na majaji, wachache tu wamejibu. Tunakosea wapi?

JIBU: Mara nyingi kasoro iko kwenye barua. "Tunaomba ushirikiano wako" haimwambii mtu atafanya nini. Andikeni: Jumamosi, saa 3 asubuhi hadi saa 8 mchana, ukumbi fulani, kusaidia timu tatu, nauli na chakula ni juu yetu. Anajitolea muda na ujuzi, asilipe nauli ya teksi pia. Mfanyakazi wa benki au mgodi huhitaji ruhusa ya mkuu wake, kwa hiyo ambatisheni barua ya pili kwa Kifaransa, yenye muhuri wa chuo. Zifike wiki sita kabla.

Anzeni na wahitimu wa karibuni wa UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) na Salama, chuo cha masomo ya kompyuta cha hapo hapo mjini. Bado wanakumbuka mwanafunzi hukwama wapi, na ni rahisi kuwafikia kuliko wakurugenzi.

Mshauri mmoja hutosha timu tatu. Kwenu ni saba kwa zamu, 14 kwa zamu mbili. Alikeni 20, kwani wengine hawatafika. Wenye uzoefu wawekwe saa za mwanzo, timu zinapochagua wazo kubwa kuliko muda walio nao. Na mshauri asiguse kibodi kamwe: akiandika yeye, majaji watapima kazi yake.

Kwenye ujaji ndiko mashindano mengi huharibikia. Timu 20 mbele ya jopo moja, dakika kumi kila timu, ni zaidi ya saa tatu. Za mwisho husikilizwa na watu waliochoka. Gawanyeni majaji tisa katika majopo matatu, kila jopo timu sita au saba. Lakini jopo moja huwa kali na jingine karimu, hivyo msilinganishe alama zao: chukueni timu mbili bora za kila jopo, sita hizo zisikilizwe na majaji wote. Kabla ya kuanza, wote waipe alama kazi moja ya mfano, kisha wajadiliane walipotofautiana. Jaji mwenye ndugu au mwanafunzi wake katika timu asiipe alama timu hiyo.

Karatasi za alama zichapishwe mapema, na kila timu irekodi video ya dakika mbili ya programu yake na kuiweka kwenye simu, kwa kuwa umeme unaweza kukatika zamu yao. Mkimtumia jaji aliye Kinshasa kwa njia ya mtandao, mwandikieni saa ya kwao: wako nyuma yenu kwa saa moja.