Muulize Bwana Mifugo: Fukuto la kaskazi, farasi na aliye mgongoni

SWALI: Shikamoo Bwana Mifugo. Mimi ni kijana wa miaka 24, natembeza wageni kwa farasi ufukweni hapa Bagamoyo. Tangu kaskazi ianze, kila nikishuka kichwa kinagonga na kichefuchefu kinanishika. Kofia ngumu naivua njiani, haivumiliki. Bosi anataka safari za saa nane mchana, kwa kuwa ndipo wageni wanapomaliza kula. Mwenzangu naye kanikataza kummwagia farasi maji baridi akiwa na jasho, eti misuli itakaza aanguke. Nifanyeje?
Saisi, Bagamoyo

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na maji, maana hiyo habari ya misuli kukaza nimeisikia tangu sijaota ndevu. Si kweli. Kabla ya Olimpiki ya Atlanta ya mwaka 1996 wataalamu walilihangaikia sana joto la kule, wakawapima farasi waliotoka mbio wakimwagiwa maji baridi, na maji hayo hayakuwadhuru. Yaliwapoza. Kwa hiyo mwagia: shingo, mabega, mgongo, mapaja, mwili mzima. Usimwage ndoo moja ukaondoka. Maji yakikaa juu ya manyoya yanapata moto wa ngozi, basi mwagia tena na tena. Ndoo zikiwa chache, kwangua yale ya moto kwa ubavu wa kiganja kabla ya kumwaga mengine. Maji ya bahari yanafaa kupozea, ila mkirudi msuuze kwa maji ya kisima, la sivyo chumvi itamchubua chini ya tandiko.

Pwani yetu adui si jua peke yake, ni fukuto. Jasho hupoza mwili linapokauka, na hewa ya Januari hapa imeshiba maji, halikauki. Linachuruzika tu. Farasi anayefanya kazi kwenye joto anaweza kutoa lita 10 hadi 15 za jasho kwa saa moja, na limejaa chumvi kuliko lako. Kwa hiyo jiwe la chumvi lisikosekane bandani, na maji mpe akirudi tu, usimsubirishe.

Kuna jambo moja linalowapumbaza wengi. Farasi akirudi mkavu ilhali wenzake wametota, msifurahi mkadhani ana nguvu. Wako wanaoacha kutoa jasho wakikaa kwenye joto la unyevu kama letu, na hao ndio wa kwanza kuanguka. Huyo apumzike, aitwe daktari wa mifugo. Aliyeletwa karibuni kutoka nyanda za baridi naye mpe wiki 2 au 3 za kazi nyepesi.

Sasa wewe. Nilipokuwa kijana, huko Tanga, nilipanda farasi wa mwajiri wangu kukagua ng'ombe kwenye shamba la mkonge. Ilikuwa Februari, saa saba mchana, nami nimevaa jinzi na koti la nailoni ili nipendeze. Nilirudi nimelalia shingo ya farasi kama gunia la mkaa. Hayo maumivu ya kichwa na kichefuchefu ndiyo dalili zangu za siku ile. Ukizihisi, shuka, kaa kivulini, jimwagie maji. Mtu akianza kuweweseka, huyo si wa kivulini tena. Mmwagieni maji huku mnamkimbiza hospitali.

Kofia usivue. Mchanga ukiwa umelowa ni mgumu kama sakafu. Tafuta yenye matundu na rangi nyeupe, na loweka nywele kabla ya kuivaa. Shingoni funga kipande cha leso kilicholowa, ukichovye kila mnaposimama. Shati liwe la pamba, jepesi, mikono mirefu. Mtumbani yapo tele. Jinzi waachie wa mjini. Kikoi nacho, kabla hujaniuliza, ni vazi la barazani.

Kunywa kabla ya kupanda, usingoje kiu. Dafu ni zuri lakini chumvi yake ni kidogo, na jasho linatoa chumvi. Nikitota sana mimi huchanganya lita moja ya maji safi, nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko 6 vya chai vya sukari, vyote vya kusawazisha.

Kuhusu saa: tokeni saa kumi na mbili asubuhi, saa tatu muwe mmerudi, au ngojeni saa kumi na moja jioni. Siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, asubuhi hiyo maji yanakupwa, mnapata mchanga mgumu usiowachosha farasi miguu. Na wakati huu wa kaskazi, upepo ukitoka kaskazini, anzeni kwenda upande wa Kaole, kusini. Upepo utakuwa mgongoni wakati farasi bado wabichi, na mkigeuza kurudi mjini, wamechoka, utawapiga kifuani uwapoze. Wengi hufanya kinyume, kisha wanashangaa kwa nini marejeo yanaunguza.

Bosi wako ni kazi nyingine. Kubishana naye kwa maneno hutashinda, ndiye anayelipa. Nunua kipimajoto, kifunge uzi kisije kikapotelea ndani, simama ubavuni, si nyuma, upime njia ya haja kubwa. Farasi aliyepumzika ana nyuzi 37.5 hadi 38.5. Akizidi 40 baada ya safari, kazi ya siku hiyo imekwisha. Hesabu na pumzi: akitulia ni 8 hadi 16 kwa dakika. Ukimwacha robo saa bado pua zimetanuka na ubavu unapiga kama mvukuto, andika. Fanya hivyo wiki nzima, safari za alfajiri upande mmoja wa daftari, za saa nane upande wa pili, kisha mpe bosi alisome mwenyewe. Na mimi niandikie, nataka kuziona hizo namba.