Herufi Mbili au Moja?

SWALI: Nimepakua picha za ile hati ya Voynich, kitabu cha kale kilichoandikwa kwa mkono kwa herufi zisizojulikana, ambacho hakijasomeka mpaka leo. Nilianza kuorodhesha herufi zake nikakwama, maana nyingi zinafanana mno. Nitajuaje kama hizi ni herufi mbili, au ni moja iliyoandikwa kwa haraka? (Mwanafunzi wa lugha)

JIBU: Orodha iweke kando kwanza, ndugu yangu. Shika penseli unakili mstari mmoja polepole, huku ukifuatisha kalamu ilipoanzia na ilipoishia. Mimi nilinakili ukurasa mzima mara tatu ndipo macho yakafunguka.

Utakuta herufi ndogo karibu zote zinaanza na kimoja kati ya viwili: upinde kama c, au kijistari kilichoinama kama i. Halafu kinaongezwa kitu. Upinde ukitiwa kishungi juu, ni herufi. Kijistari kikitiwa kishungi kama hicho, ni herufi nyingine. Upinde ukishushiwa mkia, unapata kitu kama 9. Ni kama be, te na the za Kiarabu: umbo moja, nukta ndizo zinazotenganisha. Kwa hiyo kishungi usikidharau ukadhani mkono uliteleza.

Sasa itazame ile inayofanana na a. Ni upinde uliofungwa kwa kijistari. Na baada yake mara nyingi sana hufuata herufi za ukoo wa kijistari, ilhali baada ya upinde mtupu hufuata za ukoo wa upinde. Kana kwamba mchoro wa mwisho wa kalamu katika herufi ndio unaochagua herufi jirani! Nilipoliona hilo sikulala, na bado naliona ndilo jambo zito kuliko yote katika mwandiko huu.

Kuhusu kuhesabu, kuna neno linalojirudia kila mahali, ambalo kwa alfabeti ya EVA, yaani mfumo wa kunakili herufi za hati hii kwa herufi zetu za kawaida, huandikwa daiin, herufi tano. Prescott Currier, mtaalamu wa Kimarekani wa kufumbua maandishi ya siri aliyeichunguza hati hii katika miaka ya 1970, aliihesabu ile iin ya mwisho kuwa alama moja, hivyo kwake neno lilikuwa na alama tatu tu. Mimi nakushauri uanze na vipande vidogo kabisa, kwa sababu ukishaunganisha, kupasua tena ni kazi ya kurudia kurasa zote.

Zile ndefu zenye vitanzi ziache kwanza. Na ukikuta vijistari vitatu vimefuatana, andika vyote vitatu.