Usimfungie Nje Mteja Aliyelipa

Ujumbe wa kwanza uliingia Jumamosi alfajiri. Wa pili ukafuata kabla sijamaliza kuusoma wa kwanza, na kufikia saa nne asubuhi nilikuwa nimeacha kuhesabu. Wote walilalamikia jambo moja: programu inagoma kufunguka, inadai leseni haijathibitishwa. Wote walikuwa wamelipa. Nilipochimba nikakuta kosa ni langu. Cheti cha usalama cha seva yangu ya leseni, kinachoithibitishia programu kwamba seva ni yangu kweli, kilikwisha muda usiku wa manane, programu ikakataa kuzungumza na seva ile, na kwa kuwa niliiandika ihakiki leseni kila inapofunguliwa, ikajifunga. Waliokuwa na nakala za wizi, zile zilizong'olewa kufuli, waliendelea na kazi zao bila hata kujua kuna tatizo.

Nauza programu ya kukadiria vifaa vya ujenzi, na naiandika peke yangu. Kufuli lenyewe nililiweka kwa hasira. Mteja mmoja aliniandikia kuomba msaada akaambatisha picha za skrini za kompyuta sita, zote zikiwa na namba yake moja ya leseni. Hakuficha kitu, maana hakujua kama kuna cha kuficha. Alinunua programu, akawapa wenzake ofisini kama anavyowaazima kalamu. Mimi nikamwona mwizi, nikajenga gereza.

Kwa hiyo kabla hujaandika hata mstari mmoja wa msimbo, amua unamzuia nani. Anayejua kuifungua programu na kuibadilisha baiti kwa baiti humwezi. Programu iko kwenye mashine yake. Ukaguzi wako, hata uwe na hatua mia, mwishoni huwa swali moja la ndiyo au hapana, naye anakwenda kuligeuza jibu. Nilipoteza miezi miwili nikilificha swali hilo, na nakala iliyovunjwa ikatoka vilevile. Yule wa kompyuta sita ni mtu mwingine kabisa. Kizingiti kidogo kinamtosha, na akikumbushwa kwa heshima mara nyingi hulipa.

Lakini kizingiti kisiwe cha kuchekesha. Namba za leseni za Windows 95 zilikaguliwa kwa kujumlisha tarakimu saba na kuona kama jumla inagawanyika kwa 7, ndiyo maana moja saba mfululizo zilikubalika. Programu iliyobeba kanuni ya kukagua namba kwa mtindo huo imebeba pia kanuni ya kuzitengeneza. Dawa ni sahihi ya kidijitali: seva inashika ufunguo wa siri wa kutia sahihi, programu inabeba ufunguo wa umma wa kuikagua, na kwa huo wa umma mtu hawezi kutengeneza leseni. Natumia Ed25519, mfumo mmoja wa sahihi hizo, wenye ufunguo wa umma wa baiti 32 na sahihi ya baiti 64. Sasa, baiti 64 ukizigeuza kuwa herufi na tarakimu za kuchapika, ukitumia seti ya alama 32 tofauti, unapata mfuatano wa alama 103. Hakuna atakayeuchapa kwa mkono bila kukutukana.

Ndiyo maana nina vitu viwili. Mteja anapewa namba fupi, isiyo na herufi O wala I ili asizichanganye na sifuri na moja. Anaichapa mara moja, programu inaipeleka kwa seva pamoja na utambulisho wa kompyuta, seva inahesabu mashine zilizokwisha kuamilishwa, yaani kuruhusiwa kwa leseni hiyo, kisha inarudisha faili la leseni lenye sahihi. Tangu hapo programu inalikagua faili hilo yenyewe, pale pale kwenye kompyuta, bila intaneti. Wateja wangu wengi wanafanya kazi kwenye maeneo ya ujenzi ambako mtandao ni bahati, na mimi nilikuwa nawadai waunganishwe kila asubuhi!

Utambulisho wa kompyuta ndio uliniumiza zaidi baada ya cheti. Toleo la kwanza lilitegemea anwani ya kadi ya mtandao peke yake. Mtu akichomeka kifaa cha Wi-Fi cha USB, au akiwasha VPN, yaani njia ya kupitisha intaneti kwa siri, programu inaona kompyuta mpya. Windows XP, iliyotoka 2001, ilikuwa tayari inapima vipande kadhaa vya mashine na kuvumilia baadhi yake vikibadilika. Ningejifunza hapo ningeokoa jasho. Siku hizi nachukua vipande vinne, vitatu vikilingana inatosha. Na sitaki kujua namba za vifaa vya watu, kwa hiyo zinageuzwa kuwa hashi, yaani mfuatano wa alama usioonyesha namba yenyewe, kabla hazijatoka kwenye kompyuta yao.

Kila leseni inaruhusu mashine tatu. Kitufe cha kuiondoa leseni kwenye kompyuta kipo ndani ya programu, lakini usiishie hapo: diski ikifa, mteja atakibonyeza wapi? Ukurasa wa akaunti yake lazima umruhusu kuifuta mashine iliyokufa mwenyewe, usiku au mchana, bila kukuandikia na kungoja uamke.

Kwa wenye leseni ya kulipia kila mwaka, programu huuliza seva mara moja kwa mwezi. Hapa kuna mstari ambao ningeuchora kwa wino mwekundu: seva kusema hapana na seva kutopatikana ni mambo mawili tofauti. Ikisema hapana, mweleze mteja sababu. Isipopatikana, iwe ni umeme, cheti, au wewe umelala, programu iendelee siku thelathini na ijaribu tena kimyakimya. Nilikuwa nimeyaweka yote kwenye tawi moja la msimbo. Jumamosi ile ilitoka hapo.

Ukaguzi wa saa ya kompyuta iliyorudishwa nyuma, wa kumnasa anayetaka leseni iliyoisha ionekane hai, nimeuondoa kabisa. Betri ya ubaomama (bodi kuu ya kompyuta) ikiisha tarehe hurudi miaka mingi nyuma, na waliokuwa wakinaswa karibu wote walikuwa na kompyuta kuukuu, si nia mbaya.

Fikiria pia siku utakayoizima seva. Adobe walipozima seva za kuamilisha bidhaa zao za CS2, toleo la zamani la Photoshop na wenzake, waliwapa wenye leseni matoleo yasiyohitaji kuamilishwa. Mimi nimekwisha kuandaa faili moja lenye sahihi linalofungua programu kwenye kompyuta yoyote, na ndugu yangu mmoja ana maelekezo ya kulitoa nikipatwa na jambo.

Lililozuia kuazimana kuliko yote, kwa macho yangu, halina hesabu yoyote ndani yake. Jina la aliyenunua linaonekana kwenye dirisha la kwanza na chini ya kila ripoti inayochapishwa. Watu hawapendi kumpelekea mteja wao makadirio yenye jina la mtu mwingine.

Yule wa kompyuta sita bado yupo. Ujumbe wa zamani ungemwambia amevunja masharti ya leseni. Wa sasa, alipojaribu mashine ya nne, ulimwambia: "Leseni hii inatumika kwenye kompyuta tatu. Ungependa kuiondoa kwenye ipi, au kuongeza nyingine?" Akaongeza tatu.