Milo thelathini, siku tatu

Swali lenu la juma hili linauliza: mzazi anayewapeleka watoto likizo kwenye bustani kubwa ya michezo ng'ambo, je, alipie chakula chao chote kabla ya kusafiri, au anunue huko huko njaa ikibisha? Jibu langu ni fupi: lipia kifungua kinywa na mlo mmoja kwa siku, basi. Maelezo ndiyo marefu, maana niliyapata kwa pesa zangu.

Mimi ni mpishi. Nauza chakula cha mchana katika komini ya Kenya, hapa Lubumbashi (Kenya yetu ni mtaa, si nchi ya jirani). Bukari (ndiyo ugali wetu), sombe (majani ya muhogo), matembele, kapenta (dagaa), Jumamosi maharage. Kwa jicho tu najua fundi wa gereji atamaliza bukari ngapi na karani wa ofisi atabakiza kiasi gani. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeshindwa, mwaka jana mwezi wa saba, kupima tumbo la binti yake mwenyewe.

Yaya yangu (huku kwetu yaya ni dada mkubwa, si mlezi wa watoto) anaishi Bruxelles, Ubelgiji. Ndiye aliyetualika, akalipa vyumba. Mimi nikaachiwa chakula. Habari za viza siziandiki, zingejaza jarida zima. Kutoka Bruxelles-Midi tulipanda treni ya kasi iliyotushusha karibu kabisa na lango la Disneyland Paris, huko Marne-la-Vallée, mashariki mwa Paris. Bustani hiyo ipo tangu tarehe 12 Aprili 1992, na ukilala katika hoteli zake unaweza kulipia chakula pamoja na chumba. Majuma mawili kabla ya safari nilikaa na simu na lile daftari ninaloandikia wadeni wangu, nikaanza kuchagua.

Kuna njia mbili kubwa. Ya kwanza wanaiita demi-pension: kifungua kinywa na mlo mmoja, wa mchana au wa jioni. Ya pili ni pension complète: asubuhi, mchana na jioni. Hesabu inafuata usiku unaolala, kwa hiyo usiku tatu ni milo ya siku tatu, na unaweza kuitumia mpaka siku ya kuondoka. Juu ya hapo kuna madaraja. La chini linakufikisha kwenye mikahawa ya kujipakulia na ile ya haraka. Ukiongeza pesa unafunguliwa mikahawa ya kuketi na kuhudumiwa, na ukiongeza tena, ile ambayo Mickey na wenzake wanapita mezani kupigwa picha na watoto. Na hili lisomeni mara mbili: wote walio kwenye nafasi moja mliyoagiza wanachukua mpango ule ule. Huwezi kumnunulia mtoto pekee ukajificha na mkate wako chumbani.

Halafu umri. Kule mtoto ni wa miaka 3 hadi 11. Chini ya 3 halipiwi. Akifika 12 ni mtu mzima. Kijana wangu alikuwa ametimiza 12 mwezi wa sita, majuma matatu kabla ya safari. Keki tuliila Lubumbashi, bei yake tukailipa Ufaransa. Kwenye meza ya kujipakulia alipita mbele ya nyama choma, samaki na jibini za kila rangi, akarudi na chipsi na soseji kutoka upande wa watoto. Amelipiwa kama baba yake, akala kama mdogo wake.

Wenye ndugu Marekani wawe macho zaidi. Kule Walt Disney World, Florida, mtoto ni wa miaka 3 hadi 9, kwa hiyo yule wa miaka 10 ambaye Paris angehesabiwa mdogo, Florida analipiwa ukubwa. Mpango wao wa chakula ulisimama mwaka 2020 ukarudi Januari 2024, na bei za mwaka huo zinaonyesha pengo lilivyokuwa. Ule wenye mlo mmoja wa kuhudumiwa na mmoja wa haraka kwa kila usiku ulikuwa dola 94.28 kwa mtu mzima na dola 29.69 kwa mtoto. Kwa usiku tano, mwenye miaka tisa alikuwa dola 148.45, na kaka yake wa miaka kumi 471.40. Watoto wawili wanaogawana kitanda kimoja, na pengine hata viatu! Tena bakshishi ya mhudumu haimo kwenye mpango, na Marekani haiachwi. Ufaransa huduma imo ndani ya bei tayari. Ukiacha kitu mezani ni hiari yako.

Narudi kwenye kosa langu. Nilichagua pension complète. Si kwa hesabu, kwa hofu. Mama yeyote wa huku atanielewa: mtoto kulia njaa ugenini, mbele ya yaya aliyekulipia chumba, ni aibu isiyo na pa kuficha uso. Tulikuwa watano wa kulipiwa: yaya, mimi, kijana wa miaka 12, binti wa yaya wa miaka 9, na binti yangu wa miaka 7. Usiku tatu, mchana na jioni: milo thelathini, ukiacha vifungua kinywa. Nilipoiandika kwenye daftari nilijiona mama mwenye akili.

Nilisahau jua. Wakati wa kiangazi saa za Ufaransa na saa za Lubumbashi ni zile zile, hakuna hata dakika ya tofauti, nikadhani matumbo yatakuwa kama yako nyumbani. Lakini kwetu mwezi wa saba jua linazama karibu saa kumi na mbili jioni. Kule linazama karibu saa nne usiku. Mtoto wa kwetu hasomi saa, anasoma giza. Giza likiingia, sahani inakuja. Kule giza halikuingia. Saa moja jioni nikiwaita kula wananijibu bado mchana, na kweli, ukitazama angani, bado mchana. Onyesho la usiku nalo linasubiri giza, kwa hiyo hakuna anayetaka kuondoka.

Jioni ya kwanza nilifanikiwa kuwafikisha mezani saa mbili na nusu. Binti yangu alijipakulia mwenyewe: tambi zisizo na mchuzi, vipande viwili vya tikiti maji, na mkate mdogo wa mviringo alioubana kwenye kiganja. Akala tikiti. Akachukua uma, akaweka shavu juu ya meza kando ya sahani, na hapo hapo usingizi ukamchukua, uma umesimama kwenye ngumi yake. Nilikaa nikiangalia zile tambi zikikauka. Kwenye kibanda changu mteja akibakiza namfungia, ataenda nazo kwake. Kwenye meza ya kujipakulia hufungi kitu.

Mchana wa kuwasili hatukuutumia, tulikuwa tumekula mikate ya yaya ndani ya treni. Siku ya pili tulikula mara zote mbili, ila jioni watoto walikuwa wameshashiba krepu za saa kumi na moja, ambazo nilizilipia kando, kwa sababu njaa ya saa kumi na moja haikuwa kwenye mpango. Siku ya tatu mchana tulikuwa kwenye foleni ya mchezo alioutaka binti wa yaya, na hakuna mtoto anayekubali kutoka kwenye foleni aliyosimama saa nzima ili akale saladi. Asubuhi ya kuondoka nikafungua daftari: milo ishirini imetumika, kumi imebaki, treni ni jioni.

Kumi! Zile pesa za bukari ngapi? Nikasema hatuondoki bila kuzila. Tulitoka kwenye kifungua kinywa saa tatu na nusu, saa tano na nusu nikawaketisha tena, na saa tisa mara ya tatu. Hapo ndipo binti yangu aliponitazama juu ya kuku wake akauliza kwa Kiswahili chetu cha hapa, «Mama, tunakula ao tunatumika?» Kwetu kutumika ni kufanya kazi. Yaya alicheka mpaka akatoa machozi. Wazee walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe; sisi tulipewa uma.

Ningerudi kesho, ningefanya hivi. Demi-pension, daraja la chini. Kifungua kinywa ndicho mlo ambao mtoto anaula kweli: amelala, ana njaa, hajaona mchezo wowote wa kumvuta mkono. Wa kwangu, yule yule aliyelala juu ya tambi, asubuhi alikula mayai, mtindi, mikate miwili na ndizi, tena ameketi. Ule mlo mwingine mmoja ningeuweka saa kumi au kumi na moja jioni. Si mchana, kwa sababu Wafaransa wote wanakula kati ya saa sita na saa nane, na mikahawa inajaa wakati huo huo ambao foleni za michezo zinapungua kidogo. Si usiku, kwa sababu ya jua nililolieleza. Na kama mkahawa ni wa kuhudumiwa, meza niiagize kabla ya kutoka Bruxelles, si kwenye mlango wake na watoto wanne mkononi.

Kabla ya kulipa chochote, fungueni orodha za vyakula za mikahawa yenyewe. Ziko kwenye intaneti na bei zake. Andikeni vitu ambavyo mtoto wenu angeviomba kweli, si ambavyo mngependa ale, mvijumlishe, kisha mlinganishe na bei ya mpango kwa mtoto huyo kwa siku hiyo. Mimi nilifanya zoezi hilo baada ya kurudi, kwa kinyongo. Kwa kijana wangu mpango ulitushinda vibaya. Kwa wawili wa katikati tungekaribiana sana, kama wangekula mara mbili kwa siku, na hawakula. Mtu mzima anayependa nyama, divai na kukaa mezani ndiye anayefaidi. Mipango hii imekatwa kwa kipimo chake, mtoto anavalishwa tu.

Mfuko wa begani ndio ulituokoa. Vitafunio vidogo na maji vinaruhusiwa kuingia bustanini. Chupa za kioo na masanduku makubwa ya barafu havipiti. Kituo kimoja tu cha treni kabla ya bustani, Val d'Europe, kuna duka kubwa la vyakula, na huko bei ni za watu wa kawaida. Yaya alienda mara moja akarudi na tufaha, mikate, jibini na biskuti. Kwenye foleni, tufaha lilifanya kazi kuliko milo yangu yote thelathini. Ningejua, ningebeba na karanga za kwetu… lakini hapana, hapo kuna jambo la kusema.

Binti wa yaya hawezi karanga. Amezaliwa huko, na mwili wake unazikataa kiasi cha kuvimba midomo. Kwangu mimi, niliyelelewa kwa matembele ya karanga, ilikuwa kama kusikia mtoto hawezi maji. Wenye mtoto wa aina hiyo, sheria ya Umoja wa Ulaya iko upande wenu: tangu Desemba 2014 kila mkahawa lazima uweze kukueleza kama chakula kina kimojawapo cha vitu 14 vinavyodhuru watu wa aina hiyo, na karanga, maziwa, mayai, ngano na samaki vimo. Uliza orodha yenyewe, usiridhike na mhudumu anayetikisa kichwa. Yaya huuliza hata kabla ya kuketi. Kwa sababu hiyo moja naiheshimu meza ya kujipakulia, kwani kila sinia lilikuwa na kikaratasi chake na mama alisoma mwenyewe. Lakini kijiko cha sinia moja huhamia sinia lingine, hasa watoto wakipakua, kwa hiyo yeye alimpakulia bintiye mapema, foleni ikiwa fupi.

Maji msinunue kila mara. Ufaransa mkahawa unapaswa kukupa maji ya kunywa bure ukiyaomba. Semeni «une carafe d'eau», yaani jagi la maji, bila kuona haya. Mimi niliona haya siku mbili, nikalipia chupa, mpaka yaya akanikanyaga mguu chini ya meza.

Mmoja sijamtaja. Kitinda mimba wangu alikuwa na miaka miwili na miezi minane, kwa hiyo hakuandikiwa hata senti. Alikula kwenye sahani yangu kila mlo, kuku wangu, wali wangu, hata jibini ya buluu ambayo dada yake aliitemea kwenye kitambaa. Siku ya kuondoka, saa tisa, sisi watano tukisukuma sahani mbele na nyuma, yeye peke yake ndiye aliyeinua bakuli na kusema, «Ongeza.»