Uwe wao, na wasidaiwe simulizi ya majonzi

Mhariri, swali lenu la wiki hii limetoka kwa familia iliyofiwa na mama aliyewalea watoto wake peke yake. Watoto hao, ambao sasa ni watu wazima, wanataka kuanzisha ufadhili wa masomo kwa jina lake, lakini wamegawanyika. Wengine wanataka uwe wa vijana waliolelewa na mzazi mmoja tu. Wengine wanasema mhitaji ni mhitaji, na kijana mwenye baba na mama ambao wote hawana kitu asifungiwe mlango. Mmetuuliza wasomaji wafuate upande upi.

Wafuate upande wa kwanza. Nami nililelewa na mama peke yake, nikasoma kwa msaada wa mfuko uliobeba jina la mtu aliyefariki kabla sijazaliwa, na siku hizi najitolea kusoma maombi ya vijana katika mfuko mwingine wa namna hiyo. Kwa hiyo nina upande, na ninautetea waziwazi.

Hoja ya kwamba mhitaji ni mhitaji ina haki yake, na mifuko mingi mikubwa imejengwa juu yake. Kasoro yake ni kudhani kwamba nyumba ya mzazi mmoja imepungukiwa fedha tu, kipato kimoja mahali pa viwili. Wahenga waliposema mkono mmoja haulei mwana hawakuwa wanahesabu mishahara. Wazazi wawili maskini wanaweza kupeana zamu: mmoja akibaki na mgonjwa, mwingine anakwenda kutafuta riziki, mmoja akiitwa shuleni, mwingine anabaki na wadogo. Mzazi aliye peke yake hana wa kupokezana naye. Akiugua, kipato kinasimama na mlezi anakosekana siku hiyo hiyo, na anayeziba pengo ni mtoto mkubwa. Huyo mtoto mkubwa ndiye atakayewaletea maombi, na mara nyingi atayaleta akiwa amechelewa, kwa sababu alikuwa na kazi nyingine za kumaliza kwanza.

Upungufu huo hauonekani ukitazama kipato peke yake. Unaonekana kwenye fomu. Karibu kila mfuko huuliza kuhusu shughuli za nje ya masomo: vilabu, michezo, uongozi, kujitolea. Vijana wa mzazi mmoja huacha sehemu hiyo wazi, au huandika mstari mmoja kwa aibu. Hawakuwa manahodha wa timu kwa sababu kengele ya mwisho ikilia walikwenda kuwachukua wadogo zao. Hawakuongoza klabu kwa sababu klabu hukutana Jumamosi, na Jumamosi mama yuko kazini. Kisha kamati inakaa, inatoa alama, na kijana aliyekwisha kuwa nusu mzazi akiwa na miaka 14 anapata sufuri kwenye uongozi. Nimeketi kwenye vikao hivyo. Inaumiza kuona alama zile, na inaumiza zaidi kuona wajumbe wenye nia njema wakizipita bila kushtuka.

Dawa yake si ngumu. Fomu iulize hivi: baada ya masomo na siku za mapumziko unafanya nini, na ni nani anayekutegemea? Ukiuliza hivyo, majibu yanafurika. Utasoma habari za kijana anayepika, anayefua, anayempeleka mdogo wake hospitali, anayemsaidia mama hesabu za biashara, anayelala na simu mkononi kwa kuwa mama yuko zamu ya usiku. Vipeni vitu hivyo alama zilezile mnazowapa viongozi wa wanafunzi. Kupanga matumizi ya chakula cha watu wanne kwa wiki nzima ukiwa na miaka 15 ni uongozi. Fomu ya Common App, ambayo wanafunzi huitumia kuomba nafasi katika vyuo vingi vya Marekani, inaruhusu mwombaji kuorodhesha majukumu ya familia miongoni mwa shughuli zake, sambamba na michezo na muziki. Ikiwa fomu kubwa kama hiyo imeweza, mfuko wa familia moja hauna udhuru.

Hapo sasa ndipo ninapotaka familia hii inisikilize kwa makini. Mfuko wa kumbukumbu huzaliwa katika msiba, na walioanzisha wanatamani kumpata kijana ambaye habari zake zitawagusa. Wanaomba insha: tueleze ulivyoishi bila baba, tueleze ulivyompoteza mama. Kijana anaelewa haraka kinachotakiwa. Anaandika mambo ambayo hajawahi kumwambia mtu, tena kwa watu asiowajua, akishindana na wengine walioandika yao. Anayejua kuliza anashinda. Anayesitiri nyumba yake anashindwa, na pengine huyo msitiri ndiye mwenye hali ngumu zaidi. Siafiki kabisa. Mambo ya nyumbani ya mtu si ada ya kuingilia. Ulizeni anataka kusoma nini, amefikia wapi, kimebaki nini na kinagharimu kiasi gani. Akitaka kueleza yaliyompata aeleze, lakini asipoeleza asipunguziwe alama.

Vivyo hivyo kwenye hafla. Nimeona picha za mama aliyesimamishwa mbele ya watu, akimshika mwanawe, huku mtangazaji akisoma jinsi baba alivyotoweka. Watu walipiga makofi kwa nia njema, na yule kijana alitazama sakafu muda wote. Tangazeni jina la marehemu kadiri mnavyopenda, kwa maana mfuko ni wake. Jina la kijana na habari za nyumbani kwao ziachwe mikononi mwa kijana mwenyewe.

Nani hasa ahesabiwe kuwa ni wa mzazi mmoja? Hili linasumbua kamati kuliko lolote. Mjane anaeleweka kwa kila mtu, kwa sababu ana cheti cha kifo. Lakini yuko aliyeachika, yuko ambaye hakuolewa, yuko ambaye mwenzake yu gerezani, yuko ambaye mwenzake alikwenda mbali kutafuta kazi na habari zake zikakatika. Wako pia akina baba waliobaki na watoto peke yao, na hao husahaulika mara kwa mara. Mkidai hati za ndoa na za talaka mtawapata wenye karatasi na kuwakosa wenye shida. Marekani kuna fomu ya maombi ya msaada wa fedha iitwayo CSS Profile, na vyuo vingi vinavyoitumia hudai pia taarifa za mapato ya mzazi asiyeishi na mwanafunzi. Mwanafunzi ambaye baba yake alipotea lazima aombe msamaha wa sharti hilo, mara nyingi kwa barua ya mtu wa nje ya familia anayeijua hali yake. Yaani kijana anazunguka kutafuta shahidi wa mtu asiyekuwepo. Familia hii inaweza kufanya kwa utu zaidi: iulize ni nani anayebeba gharama na maamuzi ya kila siku ya kijana huyu, kisha ikubali barua fupi ya mwalimu, kiongozi wa dini au mfanyakazi wa afya anayeifahamu nyumba. Na msiweke idadi ya miaka. Kijana aliyefiwa na baba miezi michache kabla ya mtihani wa mwisho hajalelewa na mzazi mmoja kwa muda mrefu, ila ndiye aliye katikati ya dhoruba.

Kuhusu fedha, waamue mapema kama mfuko ni wa kudumu au ni wa kutumika hadi uishe. Mfuko wa kudumu hula faida na kuacha mtaji, na kawaida ya mifuko mingi ni kutoa 4 au 5 katika kila 100 ya mtaji kwa mwaka, ili kinachobaki kiweze kukua na kustahimili mfumuko wa bei. Hesabu yake ni nzito: ukitoa 4 katika 100, kulipa gharama ya mwanafunzi mmoja kila mwaka kunataka mtaji mara 25 ya gharama hiyo. Familia nyingi hazina kiasi hicho, na hakuna aibu yoyote. Kutoa ni moyo. Mfuko unaomsomesha kijana mmoja kuanzia mwaka wa kwanza hadi anapohitimu, kisha ukafungwa, umemuenzi marehemu kikamilifu. Ninaloliogopa ni mfuko unaogawa kidogo kidogo kwa wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza ili orodha iwe ndefu. Mwaka wa pili wale vijana wanabaki na deni na hawana pa kushika, na mzazi mmoja nyumbani hana mwenzake wa kukopa naye.

Tena wasilipe karo tu. Kinachomwondoa chuoni kijana wa mzazi mmoja mara nyingi ni kiasi kidogo kilichokosekana siku mbaya: nauli ya kwenda kumuuguza mama, salio dogo la deni linalozuia usajili, kodi ya chumba. Chuo Kikuu cha Georgia State kule Marekani kilianza mwaka 2011 kutoa misaada midogo kwa wanafunzi waliokuwa karibu kuondolewa kwa sababu ya salio ambalo halijalipwa. Chuo chenyewe kiliwatafuta kwenye rekodi zake, bila kungoja waombe. Hilo la kutongoja ni muhimu sana, kwa sababu mtoto aliyezoea kuwa tegemeo la nyumba hajui kuomba. Familia itenge sehemu ya mfuko kwa dharura, na mtu mmoja apewe jukumu la kumpigia simu mfadhiliwa kila muhula na kumuuliza hali yake. Malipo yatoke kabla ya usajili. Utaratibu wa lipa kwanza utarudishiwa ni wa watu wenye akiba.

Wawe macho pia na chuo chenyewe. Kuna vyuo ambavyo mwanafunzi akileta ufadhili kutoka nje, vinapunguza msaada ambao vilikuwa vimempa kwa kiasi hicho hicho. Fedha ya marehemu inaingia, mwanafunzi anabaki palepale, chuo ndicho kinachopata nafuu. Jimbo la Maryland lilitunga sheria ya kuzuia hali hiyo katika vyuo vyake vya umma mwaka 2017, na ndilo lililotangulia majimbo mengine ya Marekani. Pasipo na sheria kama hiyo, wapate ahadi ya maandishi kutoka chuoni kabla ya kutuma hata senti moja.

Kuna ndugu watakaosema ufadhili wenye jina la mtu ni wa matajiri na ni mtindo wa siku hizi. Ni jambo la zamani sana. Mwaka 1643 mjane mmoja wa London, Ann Radcliffe, aliyejulikana kama Lady Mowlson, alitoa pauni 100 kwa Harvard ili mapato yake ya kila mwaka yamsaidie mwanafunzi maskini, na huo ndio unaohesabiwa kuwa ufadhili wa kwanza wa chuo hicho. Miaka 251 baadaye, mwaka 1894, chuo cha wanawake kilichoungana na Harvard kilipewa jina lake la ujana, Radcliffe. Alimkumbuka maskini, naye akakumbukwa.

Ila jina tupu halitoshi. Mimi, kuhusu marehemu wa mfuko ulionisomesha, nilipewa jina na miaka miwili, wa kuzaliwa na wa kufa, basi. Sikujua kama alikuwa fundi au mwalimu, mcheshi au mkimya, na nilitamani sana kumshukuru kama mtu. Watoto wa mama huyu waketi sasa waandike ukurasa mmoja juu yake: kazi alizofanya, alichopenda, alichotaka kusoma akakosa nafasi. Ukurasa huo uende na barua ya kwanza ya kila mfadhiliwa. Hapo hapo wajizuie kumtaka kijana afanane na mama yao. Kama mama alikuwa muuguzi, mfuko usidai wauguzi. Yeye aliwalea hao ndugu wakawa watu tofauti tofauti, na mfuko wake uwe na upana huo huo.

Jambo la mwisho ni masharti. Wasia wa Cecil Rhodes ulioanzisha ufadhili wa Rhodes, wa kusoma Chuo Kikuu cha Oxford kule Uingereza, mwanzoni mwa karne iliyopita ulitaja wanaume tu, na wanawake wa kwanza hawakuingia hadi mwaka 1977, baada ya sheria ya Uingereza kufungua njia ya kubadilisha masharti hayo. Muda wote huo wasichana walifungiwa nje na maneno ya mtu aliyekwisha kufa. Familia nazo hubadilika. Tayari wako vijana wengi waliolelewa na bibi peke yake, au na kaka mkubwa, na wao wana pengo lilelile la mtu wa pili. Ningewaingiza tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo hati ya mfuko iwape wadhamini uwezo wa kubadilisha sharti lolote kwa theluthi mbili ya kura, isipokuwa mambo mawili: jina la mama, na kwamba fedha ni ya kijana aliyelelewa na mtu mmoja.